Mjomba, Pipa Lilikuwa Likigongwa

Mjomba wangu Rashidi,

Najua huko uliko barua hazifiki, lakini leo nina kinyaa na sina mwingine wa kumwandikia. Timu yetu ilikuwa ya wezi.

Besiboli ulinifundisha wewe, uliyeendesha teksi Marekani miaka kumi na miwili kabla ya kuhamia huku mtaa wa Small Heath na ubishi wako wote. Kila Jumapili mchana ulikuja kwangu mtaa wa Stechford na sambusa za madukani Coventry Road, rafiki yangu Baraka, yule nesi, naye akitoka kanisani, tukatazama marudio ya mechi ambayo sote tumeapa kutochungulia matokeo yake. Rimoti nilishika mimi, na sauti nilizima, maana sikutaka mtangazaji anifundishe kazi. Tulichambua wenyewe: mrushaji amechoka, kocha amechelewa kumtoa, mpigaji wa tatu ashushwe awe wa sita. Ukisema hivi, nasema vile, mpaka chai inapoa.

"Weka sauti basi, Zena," ulikuwa ukiniomba. "Macho yangu yashachoka." Sukari ilikuwa imeanza kuyaharibu. Sikuweka hata siku moja.

Kisha ikaja fainali, uwanjani kwa timu yetu. Mrushaji wa wapinzani, kijana ambaye mpira wake wa kupinda, unaomdanganya mpigaji apige hewa, ulikuwa haugusiki, alipigwa kama ngoma ya harusi. Nikashangilia, nikasifu nidhamu ya wapigaji wetu, walioacha ya kupinda ipite na kupiga iliyonyooka. Wewe ukatikisa kichwa.

"Mpira ule mtu hauachi hivi hivi, mwanangu. Hawa wanaambiwa."

Nikakucheka mbele ya Baraka. Nikasema huoni hata kikombe kilicho mbele yako, mpira utauonea wapi? Ulichukua koti lako ukaenda, na Jumapili iliyofuata hukuja, wala ile nyingine. Nikangoja wewe uanze kupiga simu, ilhali mkosaji ni mimi. Kabla ya Ramadhani ukafariki.

Wiki hii mambo yamefichuka. Kamera ya timu yetu ilikuwa ikisoma vidole vya mdakaji wa wapinzani anapomwonyesha mrushaji mpira wa kurusha, na mtu huko nyuma anagonga pipa la taka kumtonya mpigaji kwamba unakuja wa kupinda. Pipa la taka, Mjomba. Watu wazima, wanaolipwa mamilioni. Nikatafuta mechi ya zamani niliyoihifadhi, nikaweka sauti. Du, du, halafu mpira wa kupinda, na mpigaji anautazama tu upite. Ikawa hivyo mechi nzima. Wewe ungeusikia mlio ule dakika tano za kwanza.

Kombe bado wanalo. Kuna wachambuzi wanaosema kila timu hufanya, eti ni ujanja wa mchezo, na hao pia wananitia kinyaa. Ila ninayemwonea kinyaa zaidi ni yule mwanamke aliyeshika rimoti.

Jumapili nilimweleza Baraka yote. Nilikiri kwamba ulisema kweli na mimi nilikudhalilisha mbele yake. Nilidhani atanituliza, aseme ni mchezo tu. Akaweka kikombe chini.

"Sawa, umeniambia mimi," akasema. "But Mjomba mwenyewe, ulimwambia sorry akiwa hai?"

Nikamjibu ndiyo.

Nisamehe na hilo pia. Mungu akulaze pema.

Mpwa wako,
Zena