Bakuli Jeupe Lisilo na Ua

Jumapili, na ziwa limelala.

Ukungu tangu asubuhi, milima ya Kongo haionekani, maji na mbingu vimekuwa kitu kimoja. Siku kama hii mimi huwa bure kabisa. Nimekaa tu dirishani hapa Bangwe, natazama mabakuli yangu.

Ni ya kauri, ya Kichina, ya zamani sana, na kila moja lina rangi moja tu. La kijani. La kahawia iliyoiva. Walimu wenzangu hunicheka: "Vyombo havina hata ua!" Waache wacheke. Rangi tupu ndiyo inayonichukua, nikizama humo nasahau hata chai jikoni.

Jana nilipata jeupe. Jamani, jeupe!

Lilikuwa la Bibi Mwajuma wa Ujiji. Tangu nihamishiwe huku kutoka Moshi nililitamani, nikamsumbua mpaka haya zikanishika. Kwake lilikuwa la kombe: mwalimu wa chuo anaandika aya za Kurani ndani yake kwa zafarani, zinaoshwa kwa maji ya waridi, mgonjwa anakunywa. Ndiyo maana halina ua, maandishi yasichanganyikane. Sasa bibi anahamia kwa binti yake Kidahwe. Akanipa.

"Chukua, mwanangu. Ila atakayelihitaji usimnyime."

Niliitikia haraka haraka, kama mtu anayeitikia sala asiyoisikiliza.

Nikaliosha, nikaliweka katikati ya wenzake. Si jeupe hasa, lina ubuluu kwa mbali, kama maziwa yaliyotiwa maji. Jana yote nilielea.

Leo mchana, hodi. Mama mmoja wa Ujiji, simjui, jasho linamtiririka. Binti yake amelazwa, mimba inamsumbua, na ameambiwa bakuli liko kwangu.

Nilitaka kumwambia jikoni nina sahani nyeupe, mpya, nzuri tu. Mdomo ulishafunguka.

Akaliona dirishani. "Ndilo hilo, mwalimu. Huyo binti nikiwa naye tumboni, nilinywea humo."

Nililifunga kwenye kitenge changu kizuri, nikampa kwa mikono miwili. Akauliza alirudishe lini. Nikajisikia nasema libaki hukohuko Ujiji, kwa mwalimu wa chuo.

Sijui nimepata wapi ujasiri huo. Tangu aondoke nalia kidogo, nacheka kidogo.

Ee Mungu, binti wa watu ajifungue salama.

Na wasilivunje, jamani.