Gunia Juu ya Mkaratusi

Nyamira,
12 Mei 1972

Kwa ndugu yangu Jethro,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote huku nyumbani. Mimi sijambo, mume wangu Manasseh hajambo, watoto wanakohoa kidogo kwa sababu ya ukungu lakini wanakula. Je, wewe huko kambini u mzima? Baridi ya msituni imepungua? Yule ng'ombe mweusi amezaa ndama jike.

Hizo ndizo habari za kusomea watu. Sasa zako peke yako.

Baba amezimia juu ya mti. Alikuwa kwa Bwana Onchiri akikata matawi ya mkaratusi, na Manasseh alikuwa chini akimshikia kamba, kama wafanyavyo tangu wewe uende kazini. Manasseh akaona panga linaanguka. Kutazama juu, baba amening'inia kwenye mshipi wake, kichwa kimelala upande mmoja. Manasseh aliita mpaka sauti ikamkauka. Hakujua afanye nini, Jethro. Alizunguka mti tu kama kuku. Kisha baba akaamka mwenyewe, akauliza kwa nini watu wanapiga kelele, akashuka, akasema ni njaa. Njaa gani, na mimi ndiye niliyempelekea uji wa wimbi na ndizi asubuhi?

Na bado amewaahidi wazee wa kanisa kwamba ataukata ule mkaratusi mkubwa ulioegemea paa, kabla ya mikutano ya makambi ya Agosti. Nimemkataza. Amenicheka. Anasema mti ule aliutia ardhini kwa mkono wake kanisa likiwa la nyasi, na hakuna mwingine atakayeugusa.

Mwaka jana uliniandikia kwamba mnafundishwa kumshusha mtu aliyezimia mtini, nikacheka nikisema serikali imekosa kazi. Sicheki tena. Nifundishe.

Ni mimi dada yako,
Persis Kwamboka


Kambini,
28 Mei 1972

Dada yangu Persis,

Salamu kwako, kwa shemeji Manasseh na kwa watoto. Mimi ni mzima wa mwili. Barua yako ilinikuta nikila, na ugali ule sikuumaliza.

Sikiliza vizuri. Sisi hapa tunapanda misonobari kuchuma mbegu, na jambo la kwanza tulilofundishwa ni hili: mtu aliyezimia akining'inia hasubiri. Mshipi unambana pumzi. Ukikimbia mjini kutafuta watu, utarudi ukute maiti. Wa kumwokoa ni yule aliye pale pale chini ya mti, hakuna mwingine.

Kwa hiyo kabla baba hajapanda, kamba ya pili ipitishwe kwenye tawi nene juu ya mahali atakapofanyia kazi. Upande mmoja ufungwe kwenye mshipi wa Manasseh. Upande mwingine uzungushwe kwenye shina la mti wa jirani, ili walio chini wauachilie polepole bila kuponyokwa. Baba akizimia, Manasseh apande, ajiweke chini yake kidogo, ampakate mapajani kifua kwa kifua, afunge mishipi yao pamoja, halafu ndipo aikate kamba inayomshika baba mtini. Afunge kwanza, akate baadaye. Hapo washushwe wote wawili.

Nitapata likizo Julai. Nitakuja na kamba nzuri na nitawafundisha mwenyewe. Kwa sasa ning'inizeni gunia la mahindi mtini, Manasseh ajizoeze nalo.

Ndugu yako,
Jethro Ombui


Nyamira,
14 Juni 1972

Ndugu yangu Jethro,

Salamu nyingi baada ya siku hizi. Watoto wamepona kikohozi, sasa ni zamu yangu. Tunamshukuru Mungu.

Nilimsomea Manasseh barua yako. Nilipofika kwenye kupakata, alisimama akaenda kuangalia ng'ombe ambao hawakuwa wamemwita. Jethro, umekaa na misonobari mpaka umesahau chinsoni, ile miiko yetu ya ukweni? Manasseh ni omoko, mkwe wa baba. Hakalii kiti cha baba, hapiti karibu baba akioga, baba naye hakunji hata mikono ya shati Manasseh akiwepo. Na wewe unasema ampakate mkwewe mapajani kama mtoto anyonyaye, mbele ya watu!

Lakini nilimlilia, akakubali gunia. Tumelining'iniza kwenye mti ulio nyuma ya jiko langu. Mara ya kwanza liliteleza likapasuka, kuku wakafanya sherehe. Sasa anaweza. Anapanda, analipakata, anafunga, anakata, na mimi na wake wenzangu wawili tunamshusha kwa kamba ile uliyosema izungushwe. Hata amelizoea, analisemesha akishuka nalo: "Tulia, gunia, tumefika."

Baba alipita akatuona. Nilimwomba apande yeye mwenyewe mara moja tu, tujaribu na mtu. Akasema, "Siku nitakayokuwa gunia, mtanizika." Akaenda zake.

Njoo Julai. Wewe ni mwanawe, huenda akakusikiliza.

Dada yako,
Persis


Kambini,
9 Julai 1972

Dada Persis,

Salamu. Mimi si mzima. Siwezi kuja.

Nimevunjika mguu mazoezini. Ilikuwa zamu yangu kujifanya nimezimia, na aliyetakiwa kunishusha ni mzee mmoja wa hapa, mtu mpole, wa umri wa baba. Aliona haya kunikumbatia. Alinishika kwa vidole, uso ameugeuzia pembeni, mshipi akaufunga nusu. Tulipoanza kushuka nikachomoka. Sasa niko kitandani na plasta kuanzia kwenye paja, na daktari anasema mpaka Septemba.

Ninakuandikia haya ili umsomee Manasseh. Mwambie kuona haya ndiko kulikonivunja mguu. Akimshika baba kwa heshima, atamuua. Amkumbatie mpaka asikie moyo wake ukidunda kwenye kifua chake. Hakuna namna nyingine ya kumshusha mtu, ningekuwa nayo ningekupa.

Na bora kuliko yote, mzuie baba. Ficha vile vyuma vyake vya miguuni anavyopandia. Ficha mshipi. Mwambie Mzee Nyangate wa kanisani kwamba mwana wa Ombui ameomba mti usubiri. Nakusihi, Persis. Ninalala hapa natazama dari na kila mara namwona ananing'inia.

Ndugu yako,
Jethro


Nyamira,
25 Julai 1972

Ndugu yangu,

Pole sana, pole mno kwa mguu. Tunakuombea.

Nilificha vyuma kwenye pipa la mtama. Amevipata. Nilimwendea Mzee Nyangate, akasema baba yetu, Thadeus Ombui, anapanda miti tangu nikiwa sijazaliwa, na kwamba waumini wanatoka mpaka Kenyenya kuja makambi, hawawezi kukaa chini ya mti unaolia kila upepo ukivuma.

Ni Jumapili hii. Kamba ya pili nitaifunga mimi. Baba amesema nifunge nikipenda, hata nguo nianike juu yake. Manasseh chakula hakimpiti.

Dada yako,
Persis


Kambini,
6 Agosti 1972

Persis,

Dereva wa lori aliyetoka Keroka amesema mzee mmoja alikwama juu ya mti kanisani upande wa Nyamira. Hajui jina. Hajui alishuka vipi. Nimemuuliza mpaka akanikasirikia.

Ni baba? Andika. Andika neno moja tu.

Jethro


Kambini,
12 Agosti 1972

Persis,

Kila gari la posta likija natoka na magongo yangu. Leo karani alitikisa kichwa kabla sijafika.

Kama amekufa, niambie. Usiningoje nipone ndipo uniambie. Kama Manasseh hakuweza, niambie hilo pia, na usimlaumu, sitamlaumu. Mimi mwenyewe, mwanawe wa kumzaa, usiku na mchana najiuliza kama ningeweza kumpakata baba, na sijui.

Niandikie hata kama ni mabaya.

Ndugu yako,
Jethro


Nyamira,
18 Agosti 1972

Ndugu yangu Jethro,

Nisamehe. Barua zako zote mbili ninazo. Nilikuwa hospitalini na baba, na nilipopata kalamu mkono ulikataa. Baba yu hai. Nimetanguliza hilo ili upumue. Sasa soma.

Alipanda Jumapili baada ya umande kukauka. Alikata matawi ya upande wa paa vizuri kabisa, watu wakimsifu. Kisha msumeno ukasimama. Niliona mguu wake mmoja unachomoka kwenye shina, halafu wa pili, na baba akalala juu ya mshipi, uso umeelekea kwetu. Macho yalikuwa wazi, Jethro, na hayakutuona.

Manasseh alipanda kabla sijamaliza kupiga ukemi. Sijawahi kuona mtu akipanda hivyo. Mimi na wake wenzangu tulishika kamba. Alifika, akajiweka chini ya baba kama ulivyosema, akanyoosha mikono. Ikabaki hapo hapo hewani. Akairudisha.

Halafu akavua kofia yake. Juu ya mti, baba anakufa mbele yake, na yeye amevua kofia kama mtu anayebisha hodi. Nilimsikia akimwita baba, "Tata. Tata, nikubalie." Baba hakuwa na fahamu za kumkubalia. Midomo yake ilikuwa inageuka rangi. Manasseh akangoja. Watu wote wakangoja. Mzee Nyangate akasema kwa sauti, "Omoko hawezi kufanya jambo hilo. Tafuteni ngazi." Watu wakaanza kukimbia kutafuta ngazi, na hakuna ngazi Nyamira nzima inayofika pale.

Hapo nikapasuka. Nilipiga kelele: "Manasseh! Huyo si baba! Hilo ni gunia! Ni gunia la mahindi, Manasseh, lipakate!"

Mama mmoja alijifunika uso kwa leso. Nikapiga kelele tena, na tena: gunia, gunia, gunia! Nilimwita baba yetu gunia mbele ya wazee, mbele ya mchungaji, mbele ya wageni wa makambi waliokuwa wametangulia. Nililia huku nikimwita hivyo.

Manasseh akaiachilia kofia ikaanguka. Akamkumbatia. Alimvuta baba mpaka mashavu yao yakagusana, akafunga, akajaribu fundo, akakata. Tuliachilia kamba mpaka viganja vyangu vikachubuka. Walipokuwa wakishuka nilimsikia akisema kwa sauti ndogo, "Tulia, gunia, tumefika."

Tulimlaza. Pumzi ilirudi kwa kukwaruza. Lori la majani ya chai likatupeleka hospitali.

Sasa yuko nyumbani. Mkono wa kushoto umelala, haufanyi kazi, na daktari amesema hatapanda tena kamwe. Kinywa kinaweza. Anaongea na majirani, anaongea na ng'ombe. Na mimi haongei. Nampelekea chakula, anageukia ukutani. Wamemsimulia kila neno nililosema. Mzee Nyangate alikuja kumwambia kwamba binti aliyemwita babake gunia hadharani amemzika akiwa hai. Manasseh naye amekimbilia kwa mjomba wake huko Suneka, hawezi kumtazama baba baada ya kumshika vile, na sijui kama atarudi. Nimempata baba, nimempoteza baba, nimempoteza na mume. Je, ningenyamaza? Niambie wewe. Ningenyamaza?

Dada yako,
Persis


Kambini,
22 Agosti 1972

Dada yangu Persis,

Salamu kwako wewe wa kwanza.

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama kwa mguu mmoja, na nililia mpaka wenzangu wakadhani nimefiwa. Usingenyamaza. Ungenyamaza, leo ningekuwa naandika barua ya rambirambi. Mwambie baba kwamba gunia lilikuwa wazo langu, anigeuzie mimi mgongo. Na umtumie Manasseh ujumbe Suneka: mwambie shemeji yake anamwita nyumbani.

Sina dawa nyingine. Vumilia, usiache kumpelekea chakula.

Ndugu yako,
Jethro


Nyamira,
10 Septemba 1972

Ndugu yangu Jethro,

Salamu nyingi sana. Tunatumaini plasta imetoka. Huku mvua ni nzuri.

Nilimsomea baba barua yako akiwa amelala kanipa kisogo. Nilipomaliza nikarudi kwangu nikiwa nimekata tamaa kabisa.

Jana, baada ya ibada ya Sabato, alinitumia mtu. Nilikwenda. Nilimkuta Manasseh amesimama uani, kofia mkononi, hajui aingie ama akimbie. Kumbe baba ndiye aliyemtumia ujumbe Suneka, mwenyewe, bila kuniambia. Akamwambia avae kofia yake. Akamwonyesha kiti, kile kiti chake mwenyewe. Manasseh alikataa. Baba akasema, "Umenipakata, mwanangu. Kiti ndicho kitakushinda?" Manasseh akakaa pembeni kabisa ya kile kiti, machozi yanamtoka.

Kisha baba akanigeukia. Sura yake ilikuwa ile ile ya siku zote, huwezi kuisoma. Akasema ukipona uje na ile kamba nzuri, uwafundishe vijana wote wanaopanda miti huku, na kwamba atakaa chini ya mti awaone wakikosea. Nilisema sawa, baba. Nikasema nitakuandikia leo, nikamuuliza kama ana salamu zake.

Akafikiri. Akasema:

"Mwambie gunia linamsalimu."

Dada yako,
Persis Kwamboka