Dada, Shamba Lako Limepanda Bei

Dada yangu mpendwa,

Shamba lako limepanda bei. Naanza na hilo kwa sababu ndilo ungeuliza kwanza, kabla hata ya hali za watu. Ulikuwa hivyo. Nikirudi kutoka Kilosa mjini, ulikuja kunipokea baiskeli, na shikamoo yako ilitoka pamoja na swali. "Shikamoo kaka, mahindi huko wanasemaje?" Nami naitika marahaba huku nimeshaanza kueleza.

Nilikuwa bwana shamba, na kueleza ndiyo kazi niliyosomea. Wewe hukusoma zaidi ya darasa la nne, lakini ulikuwa na kipimo chako ambacho sikukikuta chuoni. Hukupima mavuno kwa shilingi. Ulisema shilingi inanyauka mkononi. Ulipima kwa ng'ombe, mtamba mmoja wa Mzee Lekope, yule mfugaji aliyehamia ng'ambo ya mto Mkondoa tulipokuwa bado vijana. Kila baada ya mavuno ulimuuliza magunia mangapi kwa mtamba mmoja, na jibu lake ndilo lililokuambia kama mwaka umekuwa mzuri. Mwaka mzuri alisema sita. Mwaka mbaya alisema kumi, huku akicheka.

"Mama Shabani, mahindi yako yamekonda mwaka huu."

"Na ng'ombe wako wamepanda kichwa. Wapeleke wakale lami."

Mlitaniana hivyo, kisha mkakubaliana, na jioni ng'ombe wake waliingia kula mabua shambani kwako. Yeye alipata malisho ya kiangazi, wewe ukapata samadi na kibuyu cha maziwa. Mimi nilizunguka vijiji nikiwafundisha watu kwamba mkulima na mfugaji wanahitajiana, na mfano wangu ulikuwa ninyi wawili.

Kuna mwaka mmoja nataka kuutaja, ingawa wewe hukuutaja tena mpaka unafariki. Mavuno yalikuwa mengi na bei ilikuwa chini. Wanunuzi walikuja na malori yao hadi shambani, wakataka gunia la lumbesa, lile linaloshindiliwa na kuongezwa kilemba juu hadi linakaribia kuwa gunia na nusu, kwa bei ya gunia moja. Nikakuambia usiuze. Nikakueleza kwamba wakati wa mavuno kila mtu anauza, kwa hiyo bei lazima ishuke, na miezi mitano baadaye ghala zikiwa tupu lazima ipande. Ulinisikiliza mpaka mwisho, ukasema, "Kaka, mahindi hayajasoma. Yatajuaje kwamba yanatakiwa kupanda?" Tukacheka. Lakini ulisubiri, kwa sababu mimi ni mkubwa wako.

Dumuzi, wale wadudu wa kutoboa mahindi, waliingia ghalani. Na bei ilipofika wakati wa kupanda, yakaja malori ya mahindi kutoka mikoa ya kusini, ikabaki palepale. Uliuza vumbi la kulishia kuku. Shabani, mwanao mkubwa, alikuwa kidato cha pili. Akaacha shule, akaenda Mikumi kuosha malori barabarani. Niliyoeleza yote yalikuwa kweli, dada. Ni kweli ambayo mwaka ule haikuja.

Sasa nikueleze ilivyo leo.

Mahindi yanapanda na kushuka kama zamani, na bado yanashuka siku ambayo mkulima ana shida ya kuuza. Ng'ombe wamepanda, lakini mfugaji hauzi wakiwa wanono. Anauza kiangazi, malisho yamekwisha, wenzake wote nao wameswaga mifugo mnadani siku hiyohiyo. Yeye naye ana wakati wake wa mavuno, tofauti ni kwamba wake unakuja na mifupa. Ardhi ndiyo peke yake isiyoshuka. Reli mpya imepita, ufuta umepata soko, kuna maneno ya lami kutoka Kilosa mpaka Mikumi, na watu wa mbali wanakuja na magari, wanasimama kwenye tuta wanatazama tu. Hapo ndipo tulipofika: shamba limekuwa ghali kuliko kitu chochote kinachoweza kuota juu yake. Binti yako Zuhura akilima ekari zako kwa maisha yake yote hawezi kuvuna kiasi ambacho angepewa kwa kuziuza kesho asubuhi. Hesabu hiyo nimeirudia mara nyingi nikitafuta kosa. Sikulipata.

Aliyekuja kuzitaka ekari hizo ni Mzee Lekope. Amezeeka, anatembelea fimbo mbili. Alikaa kwenye kigoda chako, akakataa chai, akasema, "Bwana Shamba, nimefukuzwa mara nyingi. Kila kiongozi mpya ananiuliza mimi ni wa wapi. Nataka mahali ambapo nikiulizwa nitatoa karatasi." Atauza zaidi ya nusu ya mifugo yake. Nikamwambia, kama mtaalamu, kwamba huu si wakati mzuri wa kuuza ng'ombe. Akanitazama kwa huruma. "Najua. Nauza ng'ombe wakiwa wamekonda, nanunua ardhi ikiwa imenona. Wewe unijulishe lini itakuwa kinyume."

 Mzee huyu si mnyang'anyi, wala si mgeni. Lakini majirani wanaolima wameshaniambia kwamba nikimuuzia yeye, wasinione tena msikitini.

Wewe unajua kwa nini sahihi inayotakiwa ni yangu, ila barua hii itasomwa na wengine, kwa hiyo nieleze. Kwetu sisi Wasagara, ardhi hufuata tumbo la mama. Shamba hili lilikuwa la bibi, likawa la mama, likawa lako, na sasa ni la Shabani na Zuhura, na baada yao ni la watoto wa Zuhura. Wanangu mimi hawana tuta hata moja pale. Wao wana kwao, kwa mama yao. Mimi ni mjomba. Ninalinda, sili. Mtendaji wa kijiji hapokei karatasi ya mauzo bila muhtasari wa kikao cha ukoo wenye jina la mjomba. Nikijiuzulu kwa uzee, anayeshika nafasi ni mpwa mkubwa, yaani Shabani, na Shabani anataka kuuza. Kwa hiyo hata kuondoka ni kuuza. Nikikaa na kukataa, ninawashikilia watu juu ya mali ambayo si yangu. Nimeishi ndani ya utaratibu huu miaka yote nikidhani ni nyumba. Mwaka huu ndipo nimeona kwamba hauna mlango.

Shabani si mtu mbaya. Pale Mikumi amepanga nyumba ya wageni ya vyumba vinne, madereva wanampenda, na sasa anataka kiwanja chake mwenyewe kando ya barabara kabla viwanja havijamzidi kimo. Alikuja kwenye kikao cha ukoo na shati lililopigwa pasi. Nikaanza kueleza mwenendo wa bei, kwamba tukingoja miaka michache ardhi itapanda zaidi. Akanisikiliza kwa adabu, kisha akasema taratibu, "Mjomba, mara ya mwisho uliposema tungoje bei, mimi nilikuwa kidato cha pili."

Watu wakainama. Zuhura ndiye aliyeinuka.

"Usimseme mjomba. Shamba haliuzwi. Mama alikataza."

"Mama amekufa, Zuhura. Wewe unalima, unavuna, unauza lumbesa, mwakani unakopa mbegu. Hilo ndilo shamba?"

"Nina neno la mama."

"Huna mume, huna akiba, una neno la mama. Kalipike basi."

Zuhura alimrushia kikombe. Kilimpata begani, chai ikamwagika kwenye lile shati. Watu wazima, dada. Wanao wawili tu, waliolala mkeka mmoja. Tangu siku ile hawajasemezana, na Shabani alirudi Mikumi bila kumuaga.

Neno alilolishika Zuhura nililijua lilikotoka.

Siku ile ya mwisho, chumbani, tulikuwa wawili. Ulinishika kidole hiki, ukasema, "Kaka, wanangu wasigombane."  Hukusema kingine. Siku ya arobaini, watu wamekaa, nikasikia Shabani ameshaanza kuulizwa na mnunuzi mmoja wa mjini, na nikaona ugomvi unakuja. Nikafanya nilichozoea kufanya maisha yangu yote. Nikalieleza neno lako. Nikasimama mbele ya shehe na ukoo mzima nikasema, "Marehemu ameusia shamba lisiuzwe." Nilijiambia kwamba maana ni ileile: lisipouzwa hawatagombana. Nililichukua neno lako dogo nikalitia kilemba, kama wale wanunuzi na gunia lao.

Watu waliitikia amin. Baada ya hapo sikuweza kulirudisha. Kila mwaka lilizidi kuwa lako.

Mumewe Zuhura alipopata kazi ya miwa Ruaha, alimtaka wahame pamoja. Zuhura akakataa, akasema nani atalima shamba ambalo mama hakutaka liende. Mume akaenda peke yake. Mwaka wa kwanza alituma sukari na nauli. Mwaka wa tatu akaoa hukohuko. Nilikuwepo siku alipoletewa habari. Nilimshika mkono nikamweleza subira, na neno la kweli nilikuwa nalo mdomoni, nikalimeza.

Baada ya kile kikao nilikaa siku tatu bila kula vizuri. Siku ya nne asubuhi nilimfuata shambani. Alikuwa akipukuchua mahindi juu ya turubai, ameketi, miguu ameinyoosha. "Shikamoo mjomba." Sikuitika. Aliinua macho, kwa sababu haijawahi kutokea. Nikamwambia yote, nikiwa nimesimama.

Aliendelea kupukuchua hadi gunzi likabaki jeupe.

"Kwa hiyo nimekaa hapa kwa neno lako."

"Kwa neno langu."

"Na mume wangu alikwenda Ruaha peke yake kwa neno lako."

"Ndiyo, mwanangu."

"Mama alisema nini hasa?"

Nikamwambia.

"Hilo tu?"

"Hilo tu."

Alilitupa gunzi. "Hilo ungelitoa kama lilivyo, siku ileile mimi na Shabani tungekaa tukazungumza. Nilikuwa tayari hata kuuza, mjomba. Nilikuwa na mume."

Nikafungua kinywa. Nilitaka kumwambia kwamba bei ya wakati ule ilikuwa ndogo, kwamba kwa kungoja amepata faida ambayo hakuiona, kwamba akiuza leo atapata mara nyingi zaidi. Ni kweli kabisa, na ningeweza kuithibitisha. Aliinua kiganja chenye vumbi la mahindi.

"Usinieleze."

Hakuna mpwa aliyewahi kuniambia hivyo, dada, wala mwanafunzi. Nilikaa chini kwenye makapi. Kisha akaniambia la kufanya, kwa sauti yako ileile ya kugawa kazi. "Andika. Mwandikie mama, maana yeye ndiye uliyemsemea. Shabani asome mbele ya wote waliokuwepo arobaini, na Mzee Lekope aitwe. Ikishasomwa, wewe ukae. Tutasema sisi."

Nikamuuliza kama atauza.

"Sijui," alisema. "Sijawahi kujiuliza."

Kwa hiyo nimeandika. Jumamosi baada ya adhuhuri watakaa uani kwako, na barua hii itatangulia. Wakiamua kuuza, nitaweka jina langu, na majirani watanijua kama mjomba aliyetoa ardhi ya tumbo. Wakiamua kubaki, nitaweka jina langu vilevile, na nitaendelea kumwona Zuhura akiwasubiri watu wa lumbesa kila mavuno, nikijua aliyemkalisha hapo. Sioni upande wa tatu. Nimeutafuta kwa elimu yangu yote.

Wewe ulikuwa ukinichoka ninapoeleza, lakini hukuwahi kuninyamazisha. Uliniacha niseme, kisha ukaenda kufanya ulichojua. Ningekuwa na akili, siku ile ya arobaini ningekuiga: ningelisema neno lako lilivyo, nikakaa. Sikukuiga, na gharama haikunipata mimi. Iliwapata Shabani na Zuhura, na wewe, uliyekaa kaburini na kauli isiyo yako.

Nisamehe kwa kukusemea. Leo nimekurudishia maneno yako matatu, hayo tu, bila kilemba. Shabani akifika mstari huu atakuwa amesimama na mimi nimekaa, na dada yake yuko mbele yake. Ninayo mengi ya kuwaambia kuhusu bei, na sitasema hata moja.

Pumzika, dada. Sasa ni zamu ya wanao.

Kaka yako