Majani niliyoyachuma mno

Jumanne, Cato Manor

Nisamehe, daftari, wiki nyingi sikukuandikia. Mtoto anaota meno, halali.

Maharagi yangu ya nyuma ya nyumba yamegeuka manjano. Leo Mama Divine, jirani yangu Mrundi, aling'oa shina moja, akapasua kwa ukucha vile vidonge vya kwenye mizizi. Ndani vilikuwa kijani.

"Vingepaswa kuwa vyekundu," akasema. "Hivi ndivyo vinavyovuta mbolea kutoka hewani, na majani ndiyo yanavilisha. Majani unachuma mara ngapi?"

"Kila siku. Watoto wanapenda."

"Eish, mama! Kila siku? Na ukuta huu unayanyima jua!"

Nilicheka, lakini iliniuma. Mbegu ya maharagi haya mama yangu alinifungia kwenye kitambaa nikitoka Uvira, na sina nyingine. Nilitaka watoto wajue mboga ya kwetu, kumbe nilikuwa ninaiua mimi mwenyewe.

Basi. Mashina sita yaliyo kwenye jua, hakuna kuyagusa mpaka yakaushe mbegu. Watoto walie tu, watakula kabichi.

Mama nitamuomba anitumie: mbegu za manjano, kikombe kimoja, zile za maharagi yanayotambaa juu ya mti, nusu kikombe, na sauti yake kwenye simu, aniambie yeye alikuwa anaacha majani mangapi kwenye kila shina.