Jajja Aliyekuja Arusini na Bastola

Mama yangu,

Shikamoo. Natumai mguu umepoa na umeanza tena kwenda sokoni mwenyewe. Mimi ni mzima, ila matoke yamenichosha.

Uliniuliza kwenye simu kama ulinzi huku Kampala si kazi ya kufia. Tulia, Mama. Sheria ya silaha ni kali, huna kibali unafungwa. Na kwenye ukumbi wetu hapa Nateete hata mwenye kibali anaiacha getini. Wanaume nawakagua mimi, wanawake anawakagua Zamzam, mjane wa Kinubi mwenye watoto watatu. Mwanamke huyo namvulia kofia, na nitakwambia kwa nini.

Jumapili mchana kulikuwa na arusi. Akafika babu yake bwana arusi, mwanajeshi mstaafu, kanzu na koti juu. Nikaona haya kumpapasa mzee wa watu, nikampisha. Zamzam akapiga magoti kumwamkia, kama wanawake wa huku wanavyowaamkia wakubwa, na macho yake yakawa usawa wa kiuno cha mzee.

“Jajja,” akasema kwa upole, maana huku babu huitwa hivyo, “ile kitu iko kwa kiuno, tuachie hapa.”

Mzee akasema ana kibali, tena haina risasi, ni ya heshima tu. Zamzam hakuinuka. Mzee akampigia simu bosi wetu, na bosi akaagiza ampishe au avue sare. Mama, yule dada hana kazi nyingine. Akavua kofia, akaiweka chini.

“Sare nitavua. Lakini hiyo kitu hapana ingia kwa watoto.”

Kwa hasira mzee akaichomoa, akaikoki kutuonyesha kwamba ni tupu. Risasi nzima ikachomoka, ikaanguka na kubingirika mpaka kwenye kiatu changu.

Mzee akamkabidhi Zamzam bastola, akampigia bosi tena kusema kosa ni lake, kisha akakaa kwenye benchi letu na kula pilau hapo hapo mpaka arusi ikaisha. Alikataa kabisa kuingia. Zamzam bado yupo kazini, namshukuru Mungu.

Lakini mlango ule nilimfungulia mimi, Mama. Ndani watoto walikuwa wanacheza, na mimi niliona haya.

Nisalimie kaka Hamisi fundi baiskeli, na shangazi anayekuchotea maji. Niombee.

Mwanao Idrisa, ambaye sasa anakagua hata mashehe.