Sufuria ya Pilau Inakwenda Denmark

Jumapili, Silver Spring, Marekani

Na hiyo sufuria kubwa naibeba, wapende wasipende.

Leo baada ya ibada Mama Neema, jirani yetu wa ghorofa ya chini, kanicheka mbele za watu: "Huko shambani Denmark majirani ni ng'ombe watupu. Pilau lote hilo utampikia nani?" Mume wangu naye akacheka, wakati kazi ya huko kaipata yeye!

Wamesahau. Tulipohamia jengo hili hatukumjua mtu. Nilipika, nikagonga milango na sahani mkononi. Mama Neema huyohuyo alichungulia tu, mnyororo wa mlango haujafunguliwa; nikamwachia sahani mlangoni. Kesho yake sahani ikarudi na maandazi.

Kidenishi sijui, na nahofia wanangu watakosa marafiki. Lakini kugonga mlango najua.