Makofi ya Baba

Shuvai, acha unachofanya unisome.

Asubuhi nakoroga uji, gari la matangazo likapita: njooni ukumbini mtoe maoni, katiba inarekebishwa, rais aongezewe muhula bila sisi kupiga kura. Baba akauacha uji, akavaa koti lake la kanisani.

Nilimsindikiza. Ukumbini alisubiri hadi mchana ndipo akapewa kipaza sauti. Unamjua baba yangu. Akainama kwanza, akapiga yale makofi yetu ya heshima, ya kuomba ruhusa ya kusema.

Mwenyekiti wa kikao akamnyang'anya kipaza sauti.
"Asante mzee! Umepiga makofi, umekubali. Anayefuata!"

Umekubali! Shuvai, yule ni wa kabila letu, Mshona kama sisi, anajua kabisa ile ni heshima! Watu wakacheka. "Keti, mzee, umeshamaliza!" Na mimi niliyekuwa ubavuni pake nikamshika tu mkono, tukatoka.

Tulipofika langoni kwetu akasimama, akavua kofia kana kwamba bado yuko mbele yao.

"Sikubali," akasema. "Kura ni yangu. Anayetaka kuendelea kutawala, aje aniombe."